Utatuzi wa matatizo: majaribio ya kivinjari yanapokwama kwenye hatua ya pili ya kuingia

Mwongozo huu unamhusu mtu anayeandika majaribio ya kiotomatiki ya kivinjari, iwe kwa Playwright, Selenium au Cypress, kwa ajili ya mfumo unaomilikiwa na timu yake, na ambaye jaribio lake linaandika jina na nywila bila shida kisha linakwama pale mfumo unapodai namba ya uthibitisho. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Playwright kwa kuwa ndiyo inayotumika sana katika miradi mipya, lakini sababu zinazoelezwa ni zilezile kwa zana zote.

Nyaraka rasmi za Selenium zinawashauri watumiaji wasijaribu kuipitia hatua ya pili kwa njia ya kiotomatiki, bali waizime kwa akaunti fulani au katika mazingira yote ya majaribio. Ushauri huo una mantiki yake, lakini ukifuatwa bila kuacha hata jaribio moja, sehemu nyeti kuliko zote katika mfumo inabaki bila kupimwa, na siku itakapoharibika wa kwanza kujua watakuwa watumiaji. Ninachokisisitiza ni kwamba majaribio machache, mawili au matatu, yapite hatua zote kama anavyopita mtumiaji, na mengine yote yaanze yakiwa tayari yameingia kwa kutumia sesheni (kumbukumbu kwamba mtumiaji ameshaingia) iliyohifadhiwa. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu huzaliwa pale kila jaribio linapolazimishwa kuingia upya.

Kwanza tambua jaribio linakwama wapi

Ripoti ya jaribio kwa kawaida husema tu kwamba muda umeisha wakati likisubiri ukurasa wa nyumbani, na maelezo hayo hayatoshi kwa lolote. Kabla ya kubadilisha msimbo, fungua rekodi ya mwenendo wa jaribio na uangalie maombi yaliyotumwa kwenye seva baada ya nywila. Mara nyingi utakuta mojawapo ya hali tatu: ukurasa wa namba haukufikiwa kabisa, namba ilitumwa na seva ikaikataa, au namba ilikubaliwa lakini kivinjari hakikubaki na sesheni. Hali hizi tatu zinafanana kwenye picha ya skrini, ilhali sababu zake hazihusiani hata kidogo, na mtu anayeanza kuongeza muda wa kusubiri kabla ya kujua yuko katika hali ipi hupoteza siku nzima.

Kama una ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva, zisome. Kwenye ukurasa, mifumo mingi huonyesha ujumbe mmoja tu wa “namba si sahihi” kwa makusudi, ili mshambuliaji asipate la kujifunza. Kwenye kumbukumbu za ndani mara nyingi sababu halisi imeandikwa, kwamba namba ilikwisha muda, au ilishatumika, au akaunti imefungwa.

Namba inakataliwa kila mara

Namba zinazotolewa na programu za simu kama Google Authenticator hukokotolewa kwa kanuni iitwayo TOTP, yaani namba ya mara moja inayotegemea wakati, iliyochapishwa mwaka 2011 katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6238. Kanuni hiyo inachukua ufunguo wa siri ambao seva na simu wanaujua, inachukua idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, inaigawanya kwa 30, na kutoka hapo inazalisha namba, kwa kawaida ya tarakimu 6. Kwa hiyo jaribio halihitaji simu. Linahitaji ufunguo, saa iliyo sahihi na maktaba ndogo ya kukokotoa. Namba ikikataliwa kila mara bila kukosa, kimojawapo cha vitu hivyo hakiko sawa.

Anza na maktaba, kwa sababu inaweza kupimwa bila seva. RFC 6238 yenyewe ina mifano ya kujipimia: ufunguo ambao kwa Base32 (mfumo wa kuandika data kwa herufi na tarakimu) unaandikwa GEZDGNBVGY3TQOJQGEZDGNBVGY3TQOJQ, sekunde ya 59, kwa kanuni ya ukokotoaji ya SHA-1 na tarakimu 6, lazima utoe 287082. Kama msimbo wako unatoa namba nyingine, usiguse kitu kingine mpaka utakapotoa hiyo.

Maktaba ikiwa sahihi, angalia ufunguo. Base32 inatumia herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 pekee, kwa hiyo ukiona 0, 1, 8 au 9 ndani ya ufunguo, ama umenakiliwa vibaya ama umehifadhiwa kwa mfumo mwingine wa uandishi, na maktaba inahitaji kuambiwa hivyo. Nafasi zinazowekwa kila baada ya herufi nne ili kumsaidia mtu kusoma huzuiwa na baadhi ya maktaba na hupuuzwa na nyingine. Mara nyingine ufunguo ni mzima lakini umeingia pamoja na alama ya mstari mpya mwishoni, hasa uliponakiliwa kutoka kwenye faili kwenda kwenye hifadhi ya siri ya seva inayoendesha majaribio. Pia soma anwani yote iliyofichwa ndani ya msimbo wa QR, ile inayoanza na otpauth, kwa kuwa ndani yake huweza kutajwa kwamba mfumo unatumia SHA-256, au tarakimu 8, au kipindi cha sekunde 60. Maktaba iliyoachwa na mipangilio yake ya kawaida haiwezi kuyajua hayo yenyewe.

Kinachobaki ni saa. Njia nyepesi ya kuipima ni kutuma ombi lolote kwa seva na kulinganisha kichwa cha Date kilichomo kwenye jibu na saa ya mashine inayoendesha jaribio; tofauti ikizidi sekunde 30 umeshapata jibu. Mashine pepe (virtual machines) zilizosimamishwa kisha zikaamshwa ndizo zinazoongoza kwa kuchelewa. Katika Afrika Mashariki kuna sababu nyingine inayojirudia kwenye kompyuta zenye Windows na Linux pamoja: Windows huandika saa ya mahali kwenye saa ya ndani ya kompyuta, Linux huisoma saa hiyo kana kwamba ni UTC, na matokeo yake ni kosa la saa 3 kamili, yaani vipindi 360 vya sekunde 30, ambalo hakuna seva itakayolivumilia. Kompyuta inaweza kuonyesha saa inayoonekana sahihi mezani kwa sababu mtu aliirekebisha kwa kubadilisha ukanda wa saa, hali hesabu ya ndani bado ina kosa. Kwenye Linux, amri ya timedatectl inaonyesha saa ya mahali na ya UTC pamoja, na inasema kama mashine inasawazisha saa yake kupitia mtandao. Kwa kontena, kumbuka kwamba linatumia saa ya mashine iliyolibeba, kwa hiyo tiba inafanyika kwenye mashine hiyo.

Namba inakubaliwa mara nyingi, kisha inakataliwa bila sababu ya wazi

Hili ndilo tatizo linalowachosha watu kuliko yote, na ndilo linalofanya timu nyingi ziondoe hatua ya pili kwenye majaribio kwa hasira. Kwa bahati nzuri, sababu zake ni chache na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni mpaka wa kipindi. Mifano ya RFC 6238 inaionyesha vizuri: kwa ufunguo uleule uliotajwa juu, tarehe 18 Machi 2005 saa 01:58:29 za UTC namba ilikuwa 081804, na sekunde mbili baadaye, saa 01:58:31, ilikuwa 050471. Jaribio lililokokotoa namba kabla ya mpaka huo na kuituma baada yake limetuma namba ya kipindi kilichopita. RFC inapendekeza seva ivumilie kipindi kimoja tu kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao, na seva nyingi hufanya hivyo, lakini zipo zilizowekwa bila uvumilivu wowote. Makosa ya kawaida hapa ni kukokotoa namba mwanzoni mwa jaribio, pamoja na kuandaa data nyingine, na kuitumia baada ya kurasa tatu kufunguka. Namba ikokotolewe baada ya kisanduku chake kuonekana kwenye ukurasa, na kama zimebaki sekunde chini ya 5 kabla ya kipindi kwisha, jaribio lisubiri kipindi kipya. Sekunde zilizobaki ni 30 toa baki ya saa ya sasa ikigawanywa kwa 30, kwa hiyo hesabu hiyo ni mstari mmoja wa msimbo.

Ya pili ni namba kutumika mara mbili, na hii ndiyo inayopotosha zaidi. RFC 6238 inakataza seva kuikubali namba ileile kwa mara ya pili baada ya kuikubali mara ya kwanza. Sasa tuseme michakato miwili inaendesha majaribio kwa pamoja na inatumia akaunti moja. Katika sekunde ya 12 ya kipindi, mchakato wa kwanza unatuma namba na kuingia. Katika sekunde ya 19 mchakato wa pili unakokotoa namba, unapata ileile kwa kuwa kipindi hakijabadilika, unaituma na inakataliwa. Ukiliendesha jaribio hilo peke yake kwenye kompyuta yako linapita, na ukiliendesha pamoja na mengine linashindwa, tena si lilelile kila siku, kwa kuwa anayechelewa ndiye anayeumia. Playwright huendesha mafaili tofauti ya majaribio sambamba bila kuombwa, na hivyo watu wengi wamo ndani ya hali hii bila kuichagua.

Wengine hujaribu kuitibu hali hiyo kwa kuwasha urudiaji wa majaribio yaliyoshindwa, na hapo mambo huharibika zaidi. Jaribio likirudiwa mara moja, mara nyingi bado limo ndani ya kipindi kilekile, kwa hiyo namba ni ileile na inakataliwa tena. Mbaya zaidi ni pale jaribio la awali lilipoingia vizuri lakini likashindwa mbele kwa kasoro ya kweli ya mfumo, kisha lile la marudio likashindwa kwenye namba: ripoti ya mwisho inaonyesha kosa la namba, na kasoro ya kweli imefunikwa. Kwa sababu hiyo soma siku zote kosa la jaribio la awali kabla ya la marudio.

Tiba ya kudumu ni kila mchakato kuwa na akaunti yake na ufunguo wake. Playwright inaupa kila mchakato namba yake ya mfululizo, parallelIndex, na namba hiyo inatosha kuchagulia akaunti. Majaribio yanayopita hatua ya pili kwa ukamilifu yawekwe kwenye faili moja yakifuatana, na yakirudiwa yasubiri kipindi kipya. Mifumo ya utambulisho kama Keycloak ina mpangilio unaoruhusu namba itumike tena ndani ya kipindi chake. Sipendekezi kuuwasha kwa ajili ya majaribio, kwa sababu utakuwa umepima mfumo usiofanana na ule unaowalinda watumiaji wako.

Ya tatu ni sifuri ya mwanzo. Tazama tena namba zile mbili za Machi 2005: zote zinaanza na 0. Msimbo unaoigeuza namba ya uthibitisho kuwa hesabu ya kawaida, au unaoipitisha kwenye faili la mipangilio bila alama za kunukuu, utaituma 81804 badala ya 081804. Kwa kuwa tarakimu ya kwanza ni sifuri takriban mara moja katika kila kumi, jaribio litashindwa kwa kiwango hichohicho, na kiwango cha moja kwa kumi ndicho alama ya kukuongoza. Namba ya uthibitisho ni maandishi, na ibaki maandishi toka inapozaliwa hadi inapofika kwenye kisanduku.

Namba ni sahihi lakini fomu haiendi mbele

Kurasa nyingi siku hizi zinagawa namba katika visanduku sita, kimoja kwa kila tarakimu, na msimbo wa ukurasa ndio unaosogeza kiteuzi kutoka kimoja kwenda kingine. Amri inayojaza kisanduku kwa mkupuo, kama fill ya Playwright, haibonyezi vitufe kimoja kimoja, na ukurasa unaosikiliza mibonyezo ya kibodi hauoni chochote. Tumia pressSequentially, ambayo inabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine kama mtu anavyofanya. Kama hata hiyo inapoteza tarakimu, jaza kila kisanduku kivyake.

Upande wa pili, kuna kurasa zinazotuma fomu zenyewe mara tarakimu ya sita inapoingia. Jaribio linalobonyeza kitufe cha kuthibitisha baada ya hapo linatuma ombi la pili lenye namba ileile, na seva inalikataa kwa kuwa namba imeshatumika. Kwenye orodha ya maombi utaona mawili yanayofuatana, la kwanza limefaulu na la pili limekataliwa, na ukurasa unaonyesha ujumbe wa lile lililomaliza mwisho. Mtumiaji mwenye haraka anaweza kulipata tatizo hilohilo kwa kubonyeza mwenyewe, kwa hiyo liripoti kama kasoro ya mfumo badala ya kulikwepa tu ndani ya jaribio.

Kisanduku kisipopatikana kabisa, chunguza kama kimo ndani ya fremu ya kikoa kingine.

Namba inayokuja kwa SMS au barua pepe

Usiwekee majaribio ya kila siku msingi wa SMS halisi. Ujumbe unaweza kuchelewa kwa mtoa huduma wa simu, unagharimu fedha, na unahitaji laini inayopokea. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu msimbo unaoupima. Firebase inaruhusu kusajili namba za simu za kubuni pamoja na namba maalumu ya uthibitisho kwa kila moja, bila ujumbe wowote kutumwa, na Africa's Talking ya Nairobi ina mazingira ya majaribio yenye simu ya kuigiza. Kama mfumo wako unatuma SMS kupitia huduma isiyo na kitu cha namna hiyo, weka mpokeaji bandia katika mazingira ya majaribio anayehifadhi ujumbe ili jaribio liusome. Njia halisi ya SMS ipimwe kivyake, kwa nadra, na mtu mwenye simu mkononi. Ujumbe usipofika hata kwa mpokeaji bandia, kagua namna namba ya simu ilivyoandikwa: mtumiaji anaandika 07, hifadhidata inataka +255 au +254, na sehemu mbili za mfumo zinaweza zisikubaliane.

Kwa barua pepe, seva ndogo ya majaribio kama Mailpit inatosha: inapokea barua kwenye mlango 1025 na kuzionyesha kwenye mlango 8025, na hakuna barua inayotoka nje. Dalili inayoonekana mara nyingi hapo ni jaribio kuchukua namba ya zamani. Jaribio linafungua kikasha haraka kuliko barua mpya inavyofika, linakuta barua ya jaribio lililotangulia, na kuituma namba yake. Kuongeza usingizi wa sekunde kumi kunapunguza tatizo bila kuliondoa. Kila jaribio litumie anwani yake ya pekee, na lirudie kuuliza kikasha cha anwani hiyo hadi barua ifike.

Dalili nyingine ni jaribio kutuma namba ambayo haimo kabisa kwenye barua kama msomaji anavyoiona, kwa mfano 333333. Chanzo chake ni ruwaza ya kutafuta tarakimu sita zinazofuatana ndani ya barua ya HTML: rangi ya kijivu ya maandishi huandikwa #333333, na iko juu zaidi kuliko namba ya uthibitisho. Soma sehemu ya barua iliyo maandishi matupu, au tafuta tarakimu zinazofuata maneno yanayoitambulisha namba.

Ukurasa wa hatua ya pili hautokei, au unatokea usipotarajiwa

Mifumo mingi ina chaguo la kukumbuka kifaa, linaloweka kidakuzi (cookie, kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiweka kwenye kivinjari) kinachoruhusu kuruka hatua ya pili kwa siku kadhaa. Jaribio linaloanza na sesheni iliyohifadhiwa linaweza kubeba kidakuzi hicho, na hivyo jaribio lililoandikwa kupima hatua ya pili likawa haliioni kamwe. Jaribio la namna hiyo lianze na kivinjari kisicho na kidakuzi chochote.

Kinyume chake hutokea pale mfumo wa utambulisho unapopima hatari kwa kuangalia anwani ya mtandao. Kwenye kompyuta yako ya ofisini huulizwi, ilhali kwenye seva ya majaribio iliyoko kituo cha data cha nchi nyingine unaulizwa kila mara kwa kuwa anwani inabadilika. Kuandika msimbo unaosema “ukurasa ukitokea jaza, usipotokea endelea” ni njia ya mkato ninayoikataa, kwa sababu siku mfumo utakapoacha kuuliza hatua ya pili kwa kosa, jaribio litapita. Weka kanuni inayoeleweka kwa akaunti za majaribio, kisha jaribio lidai kuona kile kanuni inachosema.

Kama ujumbe unaoonekana ni wa kujaribu mara nyingi mno, au seva inajibu kwa hali ya 429, umegonga kikomo cha maombi. Kilegeze kwa mazingira ya majaribio kama ni lazima, lakini acha jaribio moja linalothibitisha kwamba kikomo kipo.

Namba imekubaliwa, lakini mfumo unarudi kwenye ukurasa wa kuingia

Hapa hatua ya pili haina kosa. Tatizo ni vidakuzi na hifadhi ya kivinjari. Playwright inahifadhi hali ya kuingia kwa storageState, ambayo inabeba vidakuzi na localStorage. Haibebi sessionStorage, na hifadhi ya IndexedDB, ambamo Firebase huweka tokeni zake, inabebwa tu kuanzia toleo la 1.51 na tena ukiiomba waziwazi. Kama mfumo wako unaweka tokeni katika mojawapo ya hizo, faili la hali litaonekana zuri lakini kila jaribio litaanza likiwa nje. Pia hali iliyohifadhiwa kwa localhost haifanyi kazi kwa 127.0.0.1, kwa kuwa kwa kivinjari hayo ni majina mawili tofauti.

Faili la hali linaweza pia kuwa zima wakati sesheni yenyewe imekufa kwenye seva. Muda wake unaweza kuwa umeisha, hasa kwa msanidi ambaye faili limekaa kwenye kompyuta yake tangu wiki iliyopita. Lakini sababu inayosahaulika ni jaribio la kutoka kwenye akaunti: linapobonyeza kitufe cha kutoka, seva inaifuta sesheni, na majaribio yote yanayoitumia sesheni hiyohiyo yanatupwa nje katikati ya kazi. Jaribio la kubadilisha nywila hufanya vivyo hivyo. Majaribio ya aina hiyo yawe na akaunti ambayo hakuna mwingine anayeigusa.

Mfumo wa utambulisho ukiwa kwenye kikoa kingine, angalia mpangilio wa SameSite wa vidakuzi, unaoamua kama kidakuzi kitasafiri na ombi linalotoka kikoa kingine. Tangu mwaka 2020 Chrome inahesabu kidakuzi kisichotaja SameSite kuwa ni Lax, na kidakuzi cha Lax hakisafiri na fomu inayotumwa kwa POST kutoka kikoa kingine. Mfumo wa utambulisho unaorudisha majibu kwa njia hiyo unaikuta programu yako haimkumbuki aliyeanza kuingia, na mzunguko unaanza upya. Chrome iliacha nafasi moja: kidakuzi kisichotaja SameSite kilichowekwa chini ya dakika 2 zilizopita kinaruhusiwa kusafiri hata kwa POST hiyo. Matokeo yake ni kwamba jaribio la kiotomatiki, ambalo linamaliza kila kitu kwa sekunde chache, linapita, huku mtumiaji aliyechukua dakika 3 kutafuta simu yake akirudishwa mwanzo. Ukipata malalamiko ya watumiaji ambayo jaribio lako haliyaoni, ongeza jaribio moja linalosubiri zaidi ya dakika 2 kwenye ukurasa wa namba kabla ya kuituma. Tiba upande wa programu ni kuandika SameSite=None pamoja na Secure kwa kidakuzi hicho, na hiyo inadai HTTPS.

Funguo za WebAuthn

Kuingia kwa WebAuthn, yaani kwa alama ya kidole au kwa kifaa cha USB badala ya namba, kunaweza kupimwa bila kidole wala kifaa, kwa kuwa Chrome ina kithibitishaji cha kuigiza kinachowashwa kupitia itifaki yake ya usanidi, na Selenium ina amri zake za kufanya hivyo. Katika Playwright njia ya itifaki hiyo inafanya kazi kwa Chromium tu, kwa hiyo majaribio hayo yasiendeshwe kwa Firefox na WebKit.

Jaribio likiganda bila kosa, huenda kithibitishaji kiliwashwa baada ya ukurasa kuwa umeshaomba ufunguo. Kiwashe kabla ya kufungua ukurasa. Likitoa kosa la usalama, angalia anwani: WebAuthn inakubali HTTPS au localhost, lakini haikubali anwani ya namba kama 127.0.0.1 kuwa utambulisho wa tovuti. Seva ikikataa jibu kwa madai kwamba mtumiaji hajathibitishwa, mpangilio wa isUserVerified umeachwa bila kuwashwa. Na jaribio linalopita siku ya kwanza kisha linashindwa siku zote zinazofuata lina akaunti ambayo ufunguo wake umebaki kwenye seva, ilhali kithibitishaji cha kuigiza kilichokuwa na upande wa pili wa ufunguo huo kilitoweka pamoja na kivinjari. Sajili ufunguo na kuutumia ndani ya jaribio lilelile, na mwishoni uufute kwenye seva.

Idhini ya kubonyeza kwenye simu haina njia kama hiyo. Microsoft Authenticator tangu Mei 2023 inamtaka kila mtumiaji wa idhini za aina hiyo aandike kwenye simu namba anayoiona kwenye skrini, na lengo lake ni kuhakikisha kwamba aliyeshika simu ndiye anayeingia. Kwa akaunti za majaribio chagua TOTP badala yake, au weka mfumo wa utambulisho wa majaribio ulio chini ya mamlaka yako. Kujaribu kuficha alama ya navigator.webdriver ili ukurasa wa kuingia wa kampuni nyingine usitambue kwamba kivinjari kinaendeshwa kiotomatiki ni kupambana na ulinzi ambao si wako kuuondoa.

Siri zinazovuja kupitia majaribio yenyewe

Ufunguo wa TOTP ni sawa na nywila isiyokwisha muda, na faili la storageState ni sesheni kamili ambayo mtu yeyote anaweza kuingia nayo bila kuulizwa chochote. Vyote viwili visiingie kwenye hazina ya Git. Funguo zikae kwenye hifadhi ya siri ya seva ya majaribio, na folda ya hali iandikwe kwenye .gitignore siku ileile inapoundwa. Rekodi za mwenendo wa jaribio nazo zina vidakuzi, maombi na kila kilichoandikwa kwenye fomu, na mara nyingi hupakiwa mahali ambapo kampuni nzima inaweza kuzisoma. Zirekodi kwa majaribio yaliyoshindwa pekee, na zifutwe baada ya siku chache.

Kama mazingira ya majaribio yana namba maalumu inayokubaliwa daima, mfano 000000, basi andika jaribio linaloituma namba hiyo kwenye mazingira halisi kwa akaunti iliyotengwa, kila baada ya toleo jipya, na linalofaulu pale tu inapokataliwa.